Shamba la mikorosho lililomezwa na magugu: lirudishe msitu bila kulilima

Swali: Nina ekari nane Rutamba, mkoani Lindi, si mbali na msitu wa Litipo. Ni shamba la mikorosho la marehemu baba na halijapaliliwa kwa zaidi ya miaka kumi. Karibu nusu yake imekuwa vichaka vya lantana tupu, upande wa barabara umejaa miti ya mlusina, na sehemu inayoungua kila mwaka imebaki nyasi za motomoto. Mikorosho ipo, ila imechoka. Ninataka pawe msitu wa asili tena. Kaka yangu anashauri tukodi trekta, tulime pote, kisha tupande mitiki. Fedha ya trekta tunaweza kuipata, lakini moyo wangu haukubali. Nianzie wapi?

Jibu: Dada, trekta usiiite. Kazi ipo, tena ya miaka, lakini kulima si sehemu yake.

Sababu iko ardhini. Miti mingi ya misitu ya Lindi na Mtwara hairudi kwa mbegu peke yake. Mtondoro, mninga, mpingo na wenzao wakikatwa au kuungua, mizizi yao hubaki hai na kuchipua tena. Hata miche yao ina tabia ambayo asiyeijua huidharau. Mche wa mninga hufa juu kila kiangazi, miaka kadhaa mfululizo, huku mzizi ukinenepa na kuweka akiba. Akiba ikitosha, hutoa shina moja lenye nguvu linalopanda moja kwa moja. Kwa hiyo kile kijiti cha urefu wa kiganja unachokikanyaga kwenye nyasi huenda kina miaka mingi chini. Mpingo nao huchomoza machipukizi kwenye mizizi iliyotambaa mbali na mti mama. Plau ikipita, hiyo akiba yote inakatwa na kupinduliwa juani. Wakati huohuo inaleta juu mbegu za mlusina zilizokuwa zimelala, inazipa mwanga mbegu za lantana, na inakatakata mizizi ya motomoto, kila kipande chenye kifundo kikawa mmea mpya. Mtalipa fedha kuua mnachokitaka na kuotesha msichokitaka.

Njia ya kutunza visiki vilivyo hai unaweza kuwa umeisikia kwa jina la Kisiki Hai, kama inavyofanyika Dodoma. Chimbuko lake ni Niger miaka ya 1980, kazi ya Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia. Kwa upande wa magugu, msingi ninaouamini zaidi ulitoka Sydney, Australia, kwa dada wawili, Joan na Eileen Bradley, walioanza miaka ya 1960 kung'oa magugu katika vichaka vya mtaa wao wa Mosman. Lantana iliyowasumbua ndiyo hii yetu. Kwao na kwetu ililetwa kutoka Amerika ya joto. Walishika mambo matatu: anza palipo pazuri uelekee pabaya, uuguse udongo kidogo kadiri iwezekanavyo na urudishe majani makavu juu yake, usifyeke kwa kasi inayozidi ile ya mimea ya asili kuziba nafasi. Hilo la tatu ndilo linalowashinda watu, kwa sababu jicho la mkulima linapenda shamba safi.

Kwanza hesabu kilichopo

Kabla ya kununua hata panga, jua una nini. Wakati mzuri ni mwishoni mwa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Miti ya miombo hutoa majani mapya wakati huo ardhi ikiwa bado kavu, mengi yakiwa mekundu au ya rangi ya shaba, nayo huonekana waziwazi kati ya nyasi zilizokauka. Mvua zikishika mwezi wa kumi na mbili, kila kitu kinakuwa kijani na hutatofautisha tena.

Chukua kamba ya mita 3.6. Mtu mmoja ashike ncha moja katikati, mwingine azunguke na ncha ya pili. Mduara huo ni sawa na sehemu ya mia ya ekari, kwa hiyo ulichohesabu ndani yake kizidishe kwa 100 upate idadi ya ekari nzima. Tembea mstari ulionyooka, piga mduara kila baada ya hatua 30, walau mitano kwa ekari, na usihame kwa kuwa umeangukia pabaya. Hesabu kila mti wa asili wenye urefu unaozidi sentimita 15 na kila kisiki kinachochipua. Kisiki chenye machipukizi tisa ni kimoja. Ndani ya lantana nene itabidi upasue njia nyembamba ya kuingia, na mara nyingi ndiko utakakoshangaa, maana ng'ombe na moto havikufika humo.

Wanaofufua misitu kwa maotea, yaani miche inayojiotea yenyewe, huko Asia ya Kusini-Mashariki hutaja miche kati ya 200 na 800 kwa hekta kuwa inatosha kuanzia. Kwa ekari hiyo ni kama 80 hadi 320, yaani wastani wa mche mmoja hadi mitatu kwa kila mduara wako. Ukifika hapo, huhitaji kitalu. Ukiwa chini ya mmoja, bado usipande. Ngoja misimu miwili ya mvua uone kinachojitokeza magugu yakilegea.

Unapohesabu, chora ramani hata kwa kalamu kwenye daftari: wapi miti ya asili imeshika, wapi imechanganyika na magugu, wapi ni magugu matupu. Angalia hasa kwenye vichuguu, kwenye mipaka ya zamani, na chini ya mikorosho mikubwa ambako ndege hulala. Hapo ndipo kazi itaanza. Kwenye lantana tupu utafika mwaka wa tatu au wa nne, na hilo lisikuumize.

Lantana: kata chini ya ardhi, tena kidogokidogo

Ukiikata lantana kwa panga juu ya ardhi, umeipogolea. Baada ya wiki chache shina moja linakuwa manane, na msimu ujao kichaka ni kinene kuliko cha kwanza. Machipukizi hutoka pale shina linapokutana na mzizi, hivyo mkato uwe sentimita 3 hadi 5 chini ya uso wa udongo, chini ya hilo fundo. Mzizi unaobaki chini yake hauchipui. Huko India, ambako lantana imekula misitu mikubwa, njia hii imefanya kazi bila dawa.

Kwa vitendo ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukusanya matawi kwa fimbo yenye panda na kuyainua, mwingine hupiga sururu nyembamba mara mbili tatu kwenye fundo, pembeni, si kuchimba shimo. Kisha kipindue kisiki, mizizi ikitazama juu, na ukitundike juu ya tawi au juu ya rundo la matawi makavu. Usikilaze kwenye udongo wenye unyevu, maana matawi ya lantana yakigusa ardhi hutoa mizizi na kuanza upya. Vaeni glovu za ngozi na mikono mirefu. Miche midogo ing'oeni kwa mkono baada ya mvua kubwa ya kwanza, Novemba au Desemba, udongo ukiwa umelainika. Katika mchanga wa pwani inatoka na mzizi wake wote. Kichaka chenye matunda kishughulikieni kwanza, matunda yaingie kwenye kiroba, kwa sababu shore na ndege wengine watayabeba kesho yake. Na mbuzi na ng'ombe wa jirani wasikutwe karibu na marundo: majani ya lantana yana sumu inayoharibu ini la mnyama.

Sasa mpangilio. Usianze upande mmoja ukafagia hadi mwingine. Tafuta kila mti wa asili ulio ndani ya kichaka, ufungulie duara la mita moja hadi moja na nusu kuuzunguka, basi, nenda kwa unaofuata. Lantana ya nje iache isimame kama ua dhidi ya mbuzi na upepo. Miti ikishapanuka, ndipo unaunganisha maduara. Kwenye kingo za korongo na miteremko iache mpaka mwisho kabisa, kwa kuwa ndiyo inayoshika udongo.

Kosa ambalo huangusha miradi mingi ya namna hii ni kufyeka eneo kubwa mwaka wa kwanza na kukosa nguvu ya kurudi. Ardhi iliyopata mwanga ghafla huotesha lantana kwa mamia, na kama hakuna mkono wa kuzing'oa, baada ya mwaka mmoja hali ni mbaya kuliko mwanzo na fedha imekwisha. Kati ya kila siku kumi za kibarua ulizonazo, nne ziwe za kufungulia eneo jipya, sita za kurudia la zamani. Rudia wiki ya sita, wiki ya kumi na mbili, na tena mvua zinapokatika Aprili au Mei. Miaka mitatu inayofuata pita mara mbili kwa msimu. Kama hesabu hiyo inaruhusu nusu ekari tu mwaka huu, basi ni nusu ekari.

Wafundishe watu wako kuijua lantana ikiwa bado na majani manne: majani hutoka mawili mawili yakitazamana, yanakwaruza ukiyapapasa, shina lina pembe nne, na ukilisaga jani kati ya vidole harufu haina mfano. Mche ambao mtu hana uhakika nao aupitie, asiung'oe.

Mlusina wa barabarani

Huu ni mgeni wa tabia nyingine, na ningeomba usiulinganishe na mwarobaini, ambao huenda nao upo. Mbegu ya mwarobaini hufa ndani ya wiki chache tangu idondoke. Ukiondoa miti mizazi na kung'oa miche kwa misimu miwili mitatu, kwa kiasi kikubwa umemalizana nao, mradi usijeruhi mizizi yake kwa jembe, maana huchipua. Mlusina una mbegu yenye ganda gumu inayoweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi. Unaanza kuzaa ukiwa mdogo na huzaa karibu mwaka mzima pakiwa na unyevu. Kwa hiyo shabaha ya kwanza ni kwamba usizae tena, hata kama bado umesimama.

Kata miti yote inayozaa, chini kabisa, maganda yakiwa bado mabichi. Yaliyokauka yameshamwaga. Majani ni chakula kizuri cha mbuzi wa zizini kikichanganywa na majani mengine, kwa hiyo jirani mwenye mbuzi atakusaidia kukata machipukizi mwaka mzima bila kulipwa. Mpe sharti moja tu: yeye hukata na kubeba, mbuzi hawaingii. Kuchuna gome kwa kuzunguka shina bila dawa hakutoshi, kwani huchipua chini ya kidonda.

Kwa visiki vinene, dawa ndiyo inayookoa muda. Tumia kiuagugu chenye glaifoseti kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ukiwa umesoma lebo. Kipake kwa brashi kwenye kisiki kibichi, si kunyunyiza. Cha gramu 360 kwa lita kwa kawaida hupakwa bila kuchanganywa au nusu kwa nusu na maji. Lebo ikisema vingine, fuata lebo. Mkato uwe wa usawa, na dawa iguse pete ya nje, chini tu ya gome, ndani ya nusu dakika. Ukichelewa, mti umeshaziba mishipa na umepoteza dawa. Mmoja akate, mwingine asimame na kopo. Kazi hiyo usiifanye mvua ikinukia. Pampu ya mgongoni iacheni nyumbani: ukungu wake hauchagui, utaua maotea yote ya mita tano upande wa upepo.

Kama hutaki dawa, unaweza angalau kuuzuia usizae, ingawa kisiki huvumilia kukatwa na huenda kisife. Kata machipukizi kila wiki sita bila kuruka. Ukiruka mara moja, kisiki kimejaza tena akiba.

Motomoto haifyekwi, hulazwa

Motomoto huishi kwa mizizi yake mieupe yenye ncha inayotambaa chini, mingi katika sentimita 20 za juu. Moto hauiui, unaisafishia uwanja. Fyekeo nalo huichochea kutoa majani mapya. Kinachoiua ni kivuli, na kivuli kitaletwa na miti iliyomo ndani yake tayari.

Kwa hiyo kwanza tafuta miche hiyo na uisimamishie kijiti chenye kitambaa chekundu, kila mmoja. Palilia kwa mkono duara la nusu mita kuuzunguka, ukivuta mizizi mieupe yote, na uweke majani makavu pale pale kama matandazo. Nyasi za katikati zilaze kwa ubao. Tengeneza ubao wa urefu wa mita moja na robo, upana wa sentimita 15 hadi 20, toboa ncha zote mbili, pitisha kamba ndefu ya kutosha kushika mkononi ukiwa umesimama. Weka ubao juu ya nyasi, kanyaga kwa uzito wote, inua, songa mbele hatua moja, kanyaga tena, ukilaza upande mmoja wote. Fanya hivyo Januari au Februari nyasi zikiwa zimevuka mita moja na zina maji. Zikiwa fupi huinuka tena, zikikauka huvunjika na kuchipua. Nyasi iliyolazwa bila kuvunjika hubaki hai lakini dhaifu, inajifunika yenyewe, na hata moto ukija ndimi zake hazipandi juu. Rudia mara mbili au tatu kwa msimu.

Mimea ambayo si adui

Vibarua wengi wataanza na kikulagembe, kwa sababu ya miiba na kwa sababu kila mkulima anakichukia. Kiacheni. Ni cha hapa, kinarutubisha udongo, na ndani ya miiba yake maotea ya mti mrefu hukua bila kuliwa. Kikizidi, kata kimoja kati ya vitatu kwa panga. Ukikipiga jembe mizizi itatoa kumi. Mkwamba na mkole ni vilevile. Mbungo uachwe upande, isipokuwa pale unapolemea mche mchanga. Upupu tofauti: ukateni shinani kabla maganda hayajakauka, mwisho Mei, kisha uachwe ukaukie juu mtini. Kuuvuta ni kuvunja mche uliokuwa unataka kuuokoa, na kuwashwa juu yake.

Kuna sababu nyingine ya kutosafisha kupita kiasi. Komba wa Rondo, mmoja kati ya komba wadogo kuliko wote duniani, anaishi katika misitu michache tu ya pwani yetu, Litipo ukiwamo, na maisha yake ni kwenye msongamano wa matawi na mitambaazi ya chini. Msitu uliofagiliwa kama ua wa shule haumfai.

Mikorosho ya baba

Usiikate yote kwa mpigo. Mkorosho mkubwa ni mahali pa hondohondo na popo kutua na kudondosha mbegu walizokula Litipo, na mbegu hizo za miti ya msitu mnene huwezi kuzipata kwa bei yoyote. Tatizo lake ni matawi yanayogusa ardhi na kutia giza pote. Ondoa ya chini hadi mita mbili au mbili na nusu, mwanga wa pembeni uingie. Halafu punguza miti yenyewe kwa mafungu, theluthi moja kila baada ya mwaka, ukianza na ile iliyokufa nusu. Kisiki cha mkorosho huchipua vizuri sana, ndiyo maana hubebeshwa, hivyo pita kuondoa machipukizi.

Ya mpakani ikate kwanza. Mikorosho isiyopuliziwa ni chanzo cha ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe, na vumbi lake hupeperuka kwa jirani anayelipia salfa kila msimu. Zungumza na ofisa ugani wa kata kabla ya kukata, na jirani ajue unakusudia nini. Utamhitaji siku ya moto.

Visiki

Juni na Julai, miti ikiwa imepunguza kasi, ndio wakati wa kuchagua machipukizi. Kwenye kila kisiki cha asili acha mawili au matatu yaliyonyooka, yanayotoka chini karibu na ardhi, kila moja upande wake. Yaliyotoka juu ya kisiki huvunjwa na upepo. Mengine yakate kwa kisu kikali, mkato uinamie nje, gome lisichanike. Kwenye yaliyobaki ondoa matawi ya theluthi ya chini tu. Watu hupenda kupogoa hadi kubaki kichwa kama ufagio, kisha upepo wa kusi unakipinda hadi chini. Mwaka wa pili au wa tatu bakiza moja, mawili ukitaka kuni.

Moto

Magugu ukiyaacha mwaka mmoja unapoteza mwaka mmoja. Moto wa Septemba unaweza kula mitatu. Mkuza wa kuzuia moto ulimwe mwishoni mwa Mei au Juni, nyasi zikiwa bado na unyevu: mita 5 pembezoni mwa nyasi fupi, 8 hadi 10 upande wa motomoto na upande ule ambako kusi inavuma kuja kwako. Hapa tu ndipo jembe linaruhusiwa, kwa sababu mkuza unatakiwa ubaki udongo mtupu. Ufagie tena Agosti, majani makavu yakishadondoka, maana mkuza wenye majani ni daraja. Ekari nane zigawe kwa mkuza wa ndani walau mara mbili, ili ukishindwa kipande kimoja usishindwe vyote. Marundo ya lantana yasiwe ndani ya mita 15 kutoka mkuzani.

Kuchoma mapema ukanda wa nje mwezi Juni kunasaidia, ila ni kwa kibali na kwa taarifa ya serikali ya kijiji, asubuhi umande haujakauka, na watu wa kutosha wenye matawi mabichi na maji. Marundo yenyewe usiyachome juu ya ardhi unayotaka iote. Joto lake huua mizizi na kuacha kipara kitakachoshikwa na lantana tena. Yaache yaoze.

Vibarua na karatasi

Usiwalipe kwa kipande. Anayelipwa kwa ekari atafyeka kila kilichosimama, wala si kosa lake; umemwambia kasi ndiyo fedha. Walipe kwa siku, wawe wachache, na wawe walewale kila msimu. Kabla ya kila siku ya kazi pita wewe mwenyewe na vitambaa vyekundu, fungeni kila mti wa kubaki. Kwa wiki ya kwanza watu watatu wanaosikiliza ni bora kuliko kumi.

Kuhusu ardhi, nenda ofisi ya kijiji uandikishe kwamba shamba linatumika kurudisha msitu, na kamati ya maliasili ijue. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inatambua ardhi iliyotelekezwa kwa miaka isiyopungua mitano, na shamba lenye kichaka machoni pa mpita njia limetelekezwa. Mikuza, vitambaa na barua yenye muhuri ni ushahidi wako. Tena kumbuka kwamba mpingo, mninga, mkongo na mvule ni miti iliyohifadhiwa kisheria. Kuikata kwa mbao kunahitaji leseni hata ikiwa imeota kwako.

Ikibidi kupanda

Baada ya mvua mbili, sehemu ambazo bado ziko chini ya mche mmoja kwa mduara zipandie kwa mbegu za jirani, si miche ya mjini. Mkongo ni mwepisi: okota mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu, ondoa kofia kwa sababu panya huifuata, loweka usiku mmoja, fukia kina cha sentimita 3 mvua zikianza, mbegu mbili kwa shimo, umbali wa mita 4 bila kufuata mistari. Msandarusi unastahili nafasi pia, hasa kwenye mchanga. Mninga kwa mbegu unasumbua, tunda lake ni gumu. Tegemea mizizi yake.

Kaka yako mwambie kwamba mitiki si dhambi. Kama anataka fedha ya baadaye, mpe ekari moja ya kipara upande wa barabara, mlusina ukishatoka, itengwe na mkuza. Asiipande katikati: chini ya mitiki iliyofunga huota kidogo sana, majani yake makubwa makavu huwaka kwa urahisi, na kisiki chake huchipua kama lantana.

Na moto ukipita licha ya yote, wiki ya kwanza usifanye kitu zaidi ya kuzuia mifugo. Miche iliyoungua ikwangue kwa kucha karibu na ardhi. Gome likiwa kijani chini, shina bado hai, liache. Likiwa kahawia, kata shina lote usawa wa udongo kwa mkato mmoja safi, ili chipukizi litoke mzizini likiwa limenyooka, badala ya kutoka katikati ya kijiti kilichokufa. Miezi miwili baada ya mvua kuanza, pita eneo zima lililoungua kung'oa miche ya lantana na mlusina, kabla haijapita urefu wa kiganja. Mwaka huo fedha yote ya vibarua iende huko, wala usifungulie eneo jipya.